Saa Kumi Alfajiri, Mwaka Sabini

Imeunganishwa, inasema. Hakuna intaneti.
Nimeisoma mara tatu, kwa miwani na bila miwani.
Ni kama kuambiwa: mgeni amefika, ila hayupo.

Mimi Tsiala, niliyekaa miaka thelathini na moja
mbele ya ubao wa simu wa Kutaisi,
kipaza sauti kifuani, nyaya mikononi,
chomeka hapa, chomoa pale, "Zungumza, Batumi!",
niliyewaunganisha wagomvi na wapatanishi wao,
walanguzi wa machungwa,
mkuu wa kiwanda na hawara yake
(siri hiyo nitazikwa nayo),
leo nashindwa na kibamba cha kioo
kisicho na tundu la maana.

Simu ililala kwenye mtoto wa meza tangu Oktoba,
betri imekufa fofofo.
Eteri akanitumia chaja kutoka Thesaloniki,
kaiviringisha ndani ya soksi za sufu.
"Mama, iwashe, ingia kwenye Wi-Fi, nikuone."
Nikuone! Kana kwamba ni kufungua dirisha.

Basi nikazima ruta, nikahesabu hadi sitini,
nikaiwasha. Taa zikarudi moja moja,
kijani, kijani,
ya tatu ikijikokota kama mwanafunzi mchelewaji.
Nikapiga magoti kusoma nywila chini ya kitako chake,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Sifuri nikaiita O. O nikaiita sifuri.
Nywila si sahihi. Nywila si sahihi.
Nikabonyeza Sahau mtandao huu,
ikasahau papo hapo, bila kinyongo
(kitufe hicho kilikuwa wapi mwaka alioondoka mume wangu?),
nikaanza upya, herufi kwa herufi,
na vile vipinde vya mawimbi vikajaa vyote,
na bado: imeunganishwa, hakuna intaneti.

Nikagonga bomba la hita kwa kijiko, mara mbili.
Ndivyo tunavyomwita Gega wa ghorofa ya tano.
Bomba hilo halijawahi kuniuliza nywila.

Akashuka na soksi tupu, mdomo umejaa mkate wa jibini.
Ruta hakuigusa. Alitazama pembe ya juu ya kioo, akacheka.
"Bibi, simu yako inadhani leo ni mosi Januari,
mwaka elfu moja mia tisa na sabini.
Betri ikifa kabisa, hurudi huko kuanza kuhesabu.
Sasa inabisha hodi duniani kwa kitambulisho
cha kabla mama yangu hajazaliwa.
Nani ataifungulia?"

Na saa? nikamuuliza.
"Saa kumi alfajiri, na dakika tisa."

Mwaka huo, saa hiyo, nilikuwa zamu.
Miaka kumi na tisa, vidole vimepasuka kwa baridi,
mji mzima umelewa mwaka mpya.
Akapiga dereva wa lori kutoka Zestaponi,
anataka kujua ni saa ngapi. Nikamwambia.
Baada ya robo saa akauliza tena. Nikamwambia.
Mara ya tatu nikasikia, nyuma ya pumzi zake,
saa ya mkononi ikipiga tiki, tiki,
karibu kabisa na mdomo wa simu.

Sikuolewa naye.
Niliolewa na asiyeuliza kitu.

"Nirekebishe?" Kidole cha Gega juu ya kioo.
Ngoja, nikasema. Acha ifike na robo.
Akatafuna mkate, akangoja. Mtoto ana adabu yule.
Kisha akaandika tarehe ya leo, Jumanne,
na miaka hamsini na ushei ikapita
bila taa hata moja kupepesa.

Alama ya mshangao ikafutika juu ya vipinde.
Ujumbe ukaanza kudondoka, wa Novemba, wa Desemba,
bei za kuku, picha za mtoto wa mtu nisiyemjua.
Halafu mlio, na uso wa Eteri umeganda mdomo wazi,
ukikatikakatika vipande vya mraba.
"Mama? Sogea... ruta... unanisi..."

Nikabeba kiti hadi kwenye korido.
Nikaketi wima, mgongo haujasahau.
Zungumza, Thesaloniki, nikasema.