Kata Yenye Mdomo

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata ya kale haikuwa na mdomo.
Hii yangu inao. Niliiuliza usiku, chini ya blanketi,
kwa kidole kimoja kinachotetemeka:
uvimbe, titi la kushoto.
Mume wangu sikumwambia.
Mungu nilimwambia kimoyomoyo.

Asubuhi simu ikaniletea mawigi.
Adhuhuri, bima ya mazishi, kwa bei ya kutupa.
Jioni Raiyan, anaitazamia katuni, akaniuliza:
Mama, nani amekufa?

Niliizima, nikaifukia kwenye pipa la mchele,
kana kwamba mchele huziba masikio.

Jumatano, nimetoka zamu ya kiwanda cha samaki,
Hull yote inatonatona,
niliingia maktaba ndogo nyuma ya Barabara ya Hessle
kukimbia mvua, si kusoma.
Karatasi mlangoni: Saa nane. Njoo na simu yako. Chai ipo.

Tulikuwa watano.
Mzee aliyeporwa pensheni na ujumbe
wa kifurushi ambacho hakukiagiza.
Mapacha wa Kipolandi.
Msichana aliyekaa akiutazama mlango,
aliyetaka jambo moja tu: mtu fulani asijue alipo.
Na mimi, ninayenuka chumvi.

Glenys, mkutubi, sweta lake limetoboka kiwikoni.
Yeye aliviita biskuti. Sisi twaviita vidakuzi,
na lugha yetu haikukosea: kazi yao kudakua,
kulichukua la chumbani wakaliuze sokoni.
Akatuonyesha pa kusema hapana,
maandishi ya kijivu, madogo kama chawa,
chini ya kitufe kinene cha kijani.
Akazima ramani iliyokuwa ikinifuata hadi chooni.
Nywila, akasema, iwe ndefu: maneno manne yasiyojuana.
Yangu niliitunga kwa Kiswahili.
Hapana, sikwambii.

Hakuniuliza nilitafuta nini.
Saa nzima, simu yangu mkononi mwake,
na macho yake hayakuingia ndani.

Nikamuuliza mimi: na ninyi je,
mnaweka orodha ya nisomayo?
Kitabu kikirudi, akasema, uzi tunaukata.
Akacheka. Kusahau nako ni kazi, tunalipwa kwayo.

Basi nikakaa kwenye kompyuta ya dirishani
nikauliza upya, polepole,
sentensi nzima, bila blanketi.
Nilisoma mpaka chai ikapoa.
Nilipoinuka kioo kikajifuta,
kikabaki cheupe kama kiti ambacho hakijakaliwa.

Mlangoni nikageuka.
Nikarudi mezani kwake nikamwambia.
Mwenyewe. Kwa mdomo wangu huu.
Alivua miwani, akakaa kimya kidogo,
kisha akaniandikia namba ya kliniki kwenye kipande cha karatasi,
kwa penseli,
akanipa na kifutio.