Hifadhi

Mstari mwekundu ulitokea juu ya skrini siku ya Jumanne,
tunachapa mitihani ya kidato cha pili.
Leseni imekwisha, ulisema, kwa lugha ya wenyewe.
Mvua ya Tukuyu ilipiga bati
kana kwamba nayo inadai.

Mama Tusekile, katibu muhtasi,
miaka kumi na tisa vidole vyake vinaijua njia gizani,
alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge:
"Kuna kijana Mwanjelwa anafungua hizi. Elfu tano tu.
Mwaka jana si tulifanya hivyo?"

Tulifanya.
Tukaletewa na virusi, vikala alama za darasa zima,
na asubuhi ileile nilikuwa nimemchapa Gwakisa
kwa kunakili.

Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio:
mashine kumi na nne, kila mwaka,
ni magunia mangapi ya viazi, mikungu mingapi ya ndizi.
Sikufika kwenye jumla.

"Ipo nyingine, ya bure," niliwaambia bodi.
Nilikosea neno. Huku kwetu
mtu bure ni mtu asiye na maana.
Mwenyekiti akaegemea kiti: "Ya bure ina nini ndani?"
"Ndani pako wazi, mzee. Yeyote anaweza kutazama."
Hakuna aliyetaka kutazama.
Wakapitisha, chai ilikuwa inapoa.

Wiki ya kwanza majedwali yalihama mistari.
Nembo ya shule iliteremka hadi chini ya ukurasa
kama mtu aliyeteleza kwenye tope la Kiwira.
Mama Tusekile hakunisalimia siku tatu.

Alhamisi, kidato cha kwanza, watatu kwa kiti kimoja.
Atuganile akasoma kwa sauti, kidole kinagusa kioo:
Faili. Hariri. Chomeka.
Akanyamaza.
"Mwalimu, kumbe inajua Kiswahili?"
Kisha: "Hifadhi? Kama Kitulo?"
Darasa likaangua kicheko, nami pia,
halafu kicheko kikaniishia mdomoni.
Ndiyo, mwanangu. Kama Kitulo.
Unakiacha kitu leo
ili kesho ukikikuta kiwe bado na maua yake.

"Na Kinyakyusa je, kitaingia?"
Sikuwa na jibu.
Nilisema tu kwamba mlango haujafungwa,
atakayeingiza ni mtu, pengine aliyekaa hapo kwenye kona ya benchi.

Ijumaa jioni, ukungu umefika dirishani,
nikamkuta Mama Tusekile ananakili programu kwenye flashi
kwa ajili ya mwenzake wa shule ya msingi, bondeni.
Aliichomoa, akaitia mfuko wa sweta
walimokuwa maharage ya mbegu, konzi moja.
Akanitazama juu ya miwani.
"Na huu nao ni wizi?"
"Huu hapana, mama."
"Ndaga," akasema, akafunga mlango wa ofisi.
Alipofika ngazini akageuka:
"Lakini ile nembo bado imepinda."