Jozi

Saa kumi na moja alfajiri, Gikomba, robota linakatwa kamba
na viatu mia mbili vinamwagika kwenye turubai:
raba, ndala, buti, vya kushoto, vya kulia,
kila kimoja kimepoteana na mwenzake njiani.
Kemunto, mdogo wa mama, hanipi salamu. Ananipa kazi.
"Unganisha. Wateja wanaingia saa moja."

Nikashika kimoja, nikakipeleka kwa kila kingine,
hiki sicho, hiki sicho, hiki sicho,
nikafika mwisho wa rundo mgongo ukiniuma,
nikarudi, nikashika cha pili.
Saa moja ilinikuta na jozi kumi na nne.

Jioni, maktaba ya Kaloleni, Mwalimu Dahabo
aliligeuza rundo langu kuwa hesabu ubaoni.
Viatu kumi, ukilinganisha kila kimoja na kila kingine:
mara arubaini na tano.
Viatu mia? Akanyamaza, akatuacha tuhangaike.
Elfu nne mia tisa na hamsini.
Rundo limekua mara kumi, jasho mara mia na kumi.
"Kompyuta ina nguvu," akasema, "ila ni nguvu za punda.
Ukimpakia atabeba, ukimzungusha atazunguka.
Njia aichague nani? Hiyo njia ndiyo algoriti."

Na mimi nilidhani algoriti ni kitu cha vioo,
kinakaa kwenye maghorofa ya Upper Hill, kina kiyoyozi.
Kesho yake nikaitazama mikono ya Kemunto.
Hatafuti. Anapanga.
Mabeseni kumi na moja, kuanzia thelathini na sita hadi arubaini na sita;
kiatu kinageuzwa soli, kinasomwa,
kinatupwa nyumbani kwake bila kuuliza majirani.
Ukija sasa kwenye beseni la arubaini na mbili
vya kahawia ni vitatu,
na kilicholika kisigino upande wa nje ni kimoja na mwenzake.
Fundo la kamba. Rafu.
Kila kiatu amekigusa mara mbili, tuseme tatu.
Shule aliiacha darasa la sita.

Usiku nikaandika msimbo,
kama mtu anayemtuma dukani mtoto mtiifu kupita kiasi,
yule ambaye usipomwambia arudi, atalala dukani.
Soma saizi. Weka beseni lake. Rudia hadi rundo liishe.
Kisha kwa kila beseni: chukua kiatu, tafuta mwenzake,
asipopatikana, tafuta tena.

Tafuta tena. Hapo nilijinyonga.
Wanakiita kitanzi, na aliyekipa jina hakukosea.
Feni ya kompyuta ililia hadi stima ikapotea,
na gizani nikajua bado ingekuwa inamtafuta
mwenzake wa buti nyeusi, arubaini na tatu, ya kushoto,
ambaye hayumo robotani, hakuwahi kuwemo,
pengine yuko ng'ambo, chini ya kitanda cha mtu.

"Cha peke yake unakifanyaje?" nikamuuliza Kemunto.
Akanyoosha kidole: gunia, nyuma ya rafu.

Jumamosi akaja Muthengi, bawabu wa godauni la Shauri Moyo,
akayalaza magongo yake, akaketi juu ya robota,
akanyoosha mguu wa kushoto, huo alio nao.
Ile buti nyeusi ikamkaa.
Wakabishana bei, nusu, kisha nusu ya nusu,
wakacheka jambo la zamani ambalo sikuambiwa.

Nikarudi, nikafuta mstari mmoja, nikaandika mwingine:
asipopatikana, weka kando, endelea.
Programu ikafika mwisho kabla sijaondoa kidole.

Dahabo aliisoma kimya, akarudi juu, akasoma tena.
Akauliza kwa nini ile orodha ya mwisho, ya vilivyobaki,
nimeiita muthengi.
Vigeu vipewe majina yenye maana, alikwisha kutuonya.

Nikamwambia ina maana.