Viti Mia Nne na Kumi

Funguo ninazo mimi. Mkuu wa chuo anayo saini,
mhasibu anazo risiti za waliokodi,
lakini kufuli la mlango wa mashariki lina ukaidi wake:
ulivute kushoto kidogo, usukume kwa goti,
ndipo likutambue.

Ijumaa jioni nilipanga viti,
mita moja na nusu kati ya jirani na jirani,
namba kwa chaki mgongoni, 001 hadi 410.
Kiti cha 137 kina mguu mfupi.
Nimekikunjia karatasi ya mtihani wa mwaka juzi,
swali la nne, ambalo nasikia hakuna aliyelipata.

Jumamosi asubuhi, Takwimu za Biashara.
Baridi ya Julai imeshuka toka mlimani bila kubisha hodi,
vijana wanapuliza vidole, wanaandika, wanafuta.
Kalamu, kikohozi,
viatu vya Dakta Kiwelu ambavyo havijui haraka.
"Zimebaki dakika tano," anasema,
na ukumbi mzima unainamisha kichwa.

Saa saba mchana viti hivyohivyo
vinavishwa vitambaa vyeupe, fundo la zambarau nyuma.
Namba bado ipo chini ya nguo
kama kovu la ndui chini ya shati la kanisani.
Wapambaji wako juu ya ngazi, wananiuliza soketi.
Jenereta, nawaambia, liko nyuma ya maktaba, na lina hasira.
Ndafu inaingia juu ya meza ya magurudumu,
jani mdomoni,
inapita chini ya tangazo: SIMU HAZIRUHUSIWI.

Nusu ya Moshi imeagwa humu, kwa ndoa au kwa jeneza.
Na miaka kumi na mmoja Dakta Kiwelu ameandika barua:
juu ya vimetameta ndani ya vijitabu vya majibu,
juu ya harufu ya nyama kwenye mtihani wa asubuhi,
juu ya mshereheshaji aliyeacha mzaha wake ubaoni.
"Hapa ni mahali pa elimu au pa pilau?"
Nakala kwangu. Ninazo zote,
zimeziba nyufa za dirisha la stoo.

Leo amekuja kwa mlango wa mashariki, na suti.
Kufuli likamshinda, nikamfungulia.
"Mama Aikaeli," akasema, "mimi nasimama wapi?"
Yeye, ambaye sakafu hii inamjua kwa nyayo.
Nikamwonyesha msalaba wa gundi nyekundu:
hapo, baba wa binti.

Baadaye, kipaza sauti mkononi,
Ndeshukurwa mbele yake na glasi asiyoinywa,
ukoo wa Machame huku, wageni wa Usangi kule,
alifungua karatasi, akaikunja.
Akatazama saa ya ukutani, mazoea tu.
"Zimebaki," akasema, "dakika..."
Watu wakacheka. Wanafunzi wake wa zamani wakapiga meza.
Yeye hakucheka. Hakumaliza.
Ndeshukurwa akatua glasi, akavuka msalaba.

Muziki ulizimwa saa sita kasoro, kama mkataba unavyosema.
Nikavua vitambaa, nikahesabu: mia nne na tisa.
Nikahesabu tena.
Nikatafuta stoo, jukwaani, hadi maegesho.
Kilikuwa nje, chini ya mjakaranda,
na mtu amekikalia, tai mfukoni.
137. Bila karatasi kinayumba,
naye hajali.

Jumatatu saa mbili kuna Uhasibu wa Gharama.
Nilitaka kumwambia kiti kinahitajika.
Nikarudi ndani kufagia,
taratibu, kuanzia kona ya mbali.