Bwana Nyusi

Makopo yalishuka stesheni na treni ya bara,
pamoja na magunia ya chumvi na barua za serikali;
mimi, Lameki Mhembano, niliyafunga kwenye baiskeli
hadi sinema yetu ya Barabara ya Saba,
suruali nimeikunja mguu mmoja isiliwe na mnyororo.

Hivyo ndivyo alivyotufikia yule Mwingereza.
Alisteri Penhale, yasema mabango,
ila viti vya mbele, vya thumni, vilimwita Bwana Nyusi,
kwa kuwa alipotaka kuua mtu hakupaza sauti:
aliinua unyusi mmoja, wa kushoto,
na ukumbi mzima ukaacha kutafuna karanga.

Kwao alianza kijana, akazeeka kwa utaratibu.
Dodoma alikuja kinyumenyume.
Kwanza tulimpata mzee, jaji mwenye kikohozi,
akafia kitandani; Mama Sechelela wa tiketi akalia.
Mvua zilipokata akarudi ana miaka ishirini na mitano,
mwizi wa farasi, anaruka ukuta.
"Si tulimzika huyu?" ikauliza sauti gizani.
Mwaka uliofuata akawa padri, halafu mlevi,
halafu kijana zaidi, karani asiye na neno hata moja,
anafungua mlango, anafunga mlango.
Watu walipokwisha kuondoka nikairudia mara tatu.
Sijamwona mtu mwingine akifunga mlango vile,
kama anayemfunika mtoto.

Magazeti yalisema ubora wake hasa ni jukwaani,
kwamba London walipanga foleni kwenye baridi
kumwona akiwa mfalme kipofu anayetafuta kiatu chake.
Jukwaa haliingii kwenye kopo.
Nusu hiyo sikuijua,
nilimjua kama jirani, kwa upande wangu wa ukuta.

Filamu zilifika hoi, zimechanika Tabora,
zimeungwa Morogoro na mtu mwenye haraka.
Nilikata palipoungua, nikaunga upya
kwa gundi inayonukia ndizi mbivu,
na vipande vikabaki mfukoni mwangu.

Juzi redio imesema amefariki, miaka tisini na mmoja,
kati ya bei ya alizeti na matokeo ya mpira.
"Babu, ulimjua?"
Nikamtolea mjukuu kopo la majani ya chai.
Picha tisa, upana wa kidole gumba.
Tukaziinua dhidi ya jua la saa tisa, vumbi likipita:
unyusi unapanda, unapanda, umefika juu.
"Unashuka lini?"
Nikamwambia kipande hicho kiliondoka na treni.