Ya Dola Mia Tatu

Odile Pelkey haanzi na bei.
Anavua glavu, anapitisha ukucha
pale mbao ya kitako inapokutana na chuma.
Ukucha unazama.
"Fundi alikuwa na haraka," anasema,
na Wendell, nyuma ya kaunta, anatazama theluji ya Maine.

Anashusha wenzo, anaupandisha. Kra-kaa.
Mgumu kama mlango wa banda mwezi wa kwanza.
Anarudia, sikio karibu, mara kumi na moja,
mpaka chuma kinaanza kuelewa.

Bunduki ya baba yake ilikuwa na nakshi za fedha,
ikameremeta ukutani hadi ilipokuja bili ya hospitali.
Kulungu watatu tu, miaka ishirini.

Anachungulia taa kupitia mtutu:
mifereji inazunguka safi, haina doa.
Hapa fundi hakukimbia.

Rahisi ghali, husema wenye nazo.
Yeye ana friza tupu, wana wawili,
na tupa ya marehemu kwenye droo ya vijiko.

"Mia mbili themanini."
Wendell anakohoa.
Odile anashusha wenzo tena,
polepole,
amsikizishe.