Ndani ya Kontena Bado ni Jana

Shangazi Mikal ana kontena la kweli pale Kibuye,
la buluu, dirisha lake limechomelewa kombokombo,
na humo hushona sare za shule:
marinda ya kijani, kaptura za khaki,
chaki sikioni, futi shingoni.

Langu halina bati.
Naliita kwa mstari mmoja, linazuka,
na ndani yake kivinjari kisicho na kioo
kinafungua kurasa asizoziona mtu,
kinabonyeza bila kidole.
Kikimaliza, kontena linafutwa.
Halibaki hata uzi sakafuni.

Mgonjwa wetu wa majaribio alihitaji jina,
nikampa la shangazi.
Mikal Nyagilo, miaka hamsini na minane, presha.
Kila usiku anazaliwa,
anajaza fomu, anaomba kuonana na daktari kesho,
analipa shilingi mia mbili zisizokuwepo,
anapewa risiti,
anatoweka.
Nilipomweleza, alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja:
"Yaani nafa kila siku, na hata chai ya matanga hamnywi?"

Wiki tatu mgonjwa huyo alikwama.
Mchana, kijani.
Jioni, kijani.
Ikishapita saa sita usiku, wekundu:
*Tarehe uliyochagua ni leo. Chagua kuanzia kesho.*
Ikigonga saa tisa anapona mwenyewe,
kama mtoto aliyekataa shule.

Niliulaumu mtandao.
Nilimlaumu Wabuke, aliyehamisha kitufe cha kulipa.
Nikaongeza kusubiri: sekunde tano, kumi, thelathini,
kana kwamba kila kosa duniani ni haraka.
Subira yavuta heri, wanasema;
yangu ilivuta usingizi,
na wadudu wa ziwa, maelfu,
waliokuja kufia kwenye mwanga wa kioo changu
nikawa nawafuta kwa mkono wa shati
pamoja na maneno niliyokuwa nasoma.

Usiku wa ishirini na moja nikafanya
nililopaswa kufanya usiku wa kwanza.
Niliingia kontenani nikauliza: saa ngapi?

Ukutani kwangu, Milimani, saa saba kasoro dakika tano.
Humo ndani, saa nne kasoro dakika tano.
Humo ndani bado ilikuwa jana.

Maskini. Hakuwa mgonjwa, wala hakukosea.
Alikuwa akiomba kesho yake kwa adabu,
na kesho yake ilikuwa leo yetu,
na mlinzi wa fomu akimrudisha mlangoni
usiku baada ya usiku.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: saa za Nairobi.
Kwenye orodha hakuna saa za Kisumu.
Hata jua letu, linalochelewa dakika chache kutoka,
hutiwa sahihi kule.

Asubuhi kijani tupu, juu hadi chini.
Nakala moja ya zamani sikuifuta.
Sijui kwa nini. Huiwasha mara mojamoja, saa saba usiku,
nikamwacha mtu mmoja akae jana
kwa saa tatu.

Jumamosi nikaenda Kibuye kuchukua kaptura ya mwanangu.
Nikamsimulia shangazi yote, saa, mlinzi, dawa.
Alikuwa akipinda upindo,
alipima, akafumua, akapima tena,
akakata uzi kwa meno.
"Na huyo aliyebaki jana," akauliza,
"zile mia mbili amerudishiwa?"